Ripoti ya Bonde Kavu

Rahma mwanangu,

Salamu tulizopeana asubuhi mlangoni zinatosha, sina haja ya kuzirudia kwenye karatasi. Umekwenda Kenton kuagana na shoga yako. Mama yako yuko jikoni anakaanga visheti vya kukutosha wewe na kijiji kizima unachokwenda. Mimi nimejifungia chumbani kwako kama mwizi, nimekaa kitandani karibu na sanduku lako. Kesho saa nne ndege yako inaondoka. Habari za soksi za sufu, dawa ya kifua na kupiga simu kila Ijumaa amekwisha kukwambia mama yako, tena mara tatu, kwa hiyo mimi hayo siyagusi. Nina jambo jengine, na nimelikalia miaka thelathini na zaidi.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu Kiingereza changu ni cha gereji. Kwa Kiingereza naweza kuagiza breki za basi na kugombana na meneja, lakini kusema nililolifanya siwezi. Najua Kiswahili unakisoma kwa kusuasua. Soma polepole ndani ya ndege, na neno likikushinda usimpigie mama yako kumuuliza. Yeye hajui.

Nililifungua sanduku lako. Nilitaka kulitoa lile kabrasha la kijani nikalitie kwenye pipa la taka huko chini, ukifika ulitafute ulikose, nami niseme labda wamelichukua uwanja wa ndege. Nikalishika, nikalirudisha. Nimechoka kuwa mtu wa namna hiyo.

Unakumbuka ulivyoipata ile ripoti? Tulikuwa tunahama Tooting, wewe mwaka wa pili chuo kikuu, ukaikuta kwenye begi langu la vyeti, vyeti ambavyo hapa London hakuna aliyewahi kuniomba kuviona. Ukaja mbio nayo sebuleni. "Baba! You drew this? Kwa mkono?" Ulikuwa unaitazama ramani: kijito, bwawa, mtaa mmoja mrefu, shule, zizi, mashamba. Juu imeandikwa kwa Kirusi, Jiografia na Historia ya Kijiji cha Sukhi Yar. Chini pana alama ya juu kabisa na saini ya mwalimu. Tangu siku hiyo ukaanza kujifunza Kirusi jioni, ukaandika barua huko Ukraine, ukaomba kazi ya kufundisha Kiingereza katika shule ya kijiji kile kwa mwaka mzima ili upate kuandika kitabu chako juu yake. Mimi nilikuwa na uwezo wa kukuzuia kwa maneno mawili. Nikawa badala yake nakusahihisha matamshi.

Na sasa umeipeleka ile ripoti kwa mchapaji, umeitia jalada la kijani, unataka kuizawadia shule. Ile shule hasa.

Mwezi wa tatu ikaja barua ya Oksana, binti wa nyumba niliyokaa kule. Ulitusomea mezani, unafasiri huku unasoma. "Mama yangu alimlilia Salum mpaka siku anakufa. Binti yake asitafute pa kukaa, chumba cha baba yake kipo." Ukanitazama, macho yamejaa maji. "Baba, they loved you." Mimi nikainuka nikaenda msalani, nikafungua bomba, nikakaa humo mpaka mama yako akaja kugonga. Mkadhani nimeguswa na kumbukumbu. Mama yako akanipikia uji.

Wamenipenda kwa kuwa hawajui, Rahma. Ndiyo maana naandika.

Tangu utotoni nimekupa utamu mtupu wa kijiji kile: cheri, mabata bukini, ile supu nyekundu, theluji ya kwanza nilipodhani pamba inadondoka. Ngoja nikupe kilivyo.

Jina lake maana yake Bonde Kavu, na si kavu. Hukioni mpaka uwe umeshafika. Lori linakwenda saa nzima kwenye tambarare isiyo na kilima, halafu ardhi inajikunja, na chini yake zinatokea nyumba nyeupe za chokaa zimepangana kando ya kijito. Mtaa ni mmoja, unafuata maji. Wa juu wanawacheka wa chini kwa matope yao, wa chini wanawacheka wa juu kwa kuteka maji mbali. Wazee wao walikuwa watoro, watu waliokimbia mabwana wakajificha humo bondeni. Bwana akawafuata hata humo, akajenga jumba lake juu ukingoni. Nilipofika mimi jumba lile lilikuwa ofisi ya shamba la ushirika, na kanisa lilikuwa ghala la nafaka, limekatwa kuba. Vita vya Wajerumani viliunguza upande mmoja wa mtaa. Hayo yote yamo katika kabrasha lako, na hayo ni kweli.

Na udongo. Nilichimba shimo la vipimo mpaka kiunoni na bado ni mweusi, laini, unanuka uhai. Mimi mtu wa Makunduchi, nimezaliwa juu ya jiwe, kwetu muhogo unauombea dua ndipo utoke. Jioni ile nikasema mezani, kwa Kirusi changu cha kuungaunga, kwamba watu wenye ardhi kama hii hawawezi kujua njaa ni nini. Nilidhani nawasifu. Oksana akaweka kijiko chini. Mama yake aliendelea kula.

Mama yake ndiye Bibi Paraska, mjane wa miaka sitini na kitu, mwenye nyumba niliyopangiwa. Chuo chetu cha kilimo kilitupeleka vijijini kila vuli kuvuna viazisukari, ile mizizi minene wanayotengenezea sukari, na kila mwanafunzi akagawiwa nyumba. Oksana alikuwa mwalimu, hana mume, na shule ile ndiyo iliyokuwa maisha yake. Alikuwa anarudi na madaftari ya watoto, anasahihisha huku anaimba chini chini, na mama yake akimwambia nyamaza mgeni amechoka.

Ramadhani ikaingia katikati ya mavuno. Miaka kama kumi ilikuwa imepita tangu Mapinduzi ya kwetu, nami nilikuwa nimetumwa masomoni kama kijana safi wa chama, karatasi zangu hazina dini. Nikafunga kwa siri. Mchana shambani tukigawiwa chakula, nyama nawapa wenzangu, mkate nauficha ndani ya koti nije kufuturu. Lakini jioni Bibi Paraska alikuwa ananipakulia mpaka siwezi kuinuka, kwa hiyo mikate ikawa inabaki, na kutupa mkate sikulelewa. Nikawa naipanga chini ya godoro. Siku ya kumi na moja Bibi akaja kubadilisha shuka, akaikuta.

Niliporudi amekaa kitandani kwangu, vipande kumi vikavu amevipanga mapajani, uso hauna damu.

"Nani kakwambia?" akaniuliza.

"Kaniambia nini, Bibi?"

"Huko chuoni kwenu mnajua mambo. Inakuja tena, sivyo? Niambie mwanangu, niwahi kuzika gunia la ngano."

Hakunidhania wizi, wala uroho. Kwa akili yake mtu anayeficha mkate ni mtu aliyepata habari kwamba njaa inarudi. Nikamweleza saumu, jua likitoka hatuli, likizama tunakula, mwezi mmoja. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiari yako?"

"Kwa hiari yangu."

"Na hakuna aliyekuchukulia?"

"Hakuna, Bibi."

Akatikisa kichwa muda mrefu. Halafu akafunga mlango, akanieleza.

Alinieleza habari za mwaka ule, kabla ya Vita, serikali ilipochukua nafaka. Si ya ziada, yote. Walikuja watu na vyuma virefu vyenye ncha, wakadunga sakafu na kuta na kitanda cha mtoto. Walichukua ngano, wakarudi wakachukua viazi, wakarudi tena wakabeba maharage yakiwa chunguni jikoni. Barabara zikafungwa, asitoke mtu. Juu ya udongo ule ule niliokuwa nausifu, watu walikula magome ya miti na majani. Bibi Paraska alikuwa na watoto watatu, na mwezi mmoja uliwamaliza wote. Gari la farasi lilikuwa linapita nyumba hadi nyumba kuzoa maiti. Aliniambia majina yao, na kila mmoja alikuwa anapenda nini. Oksana alizaliwa baada ya hayo, mtoto wa pekee aliyebaki naye.

Jumapili akanipeleka kwenye uwanja walikofukiwa. Uko nyuma ya kinu cha upepo kilichovunjika mabawa. Hapana jiwe, hapana msalaba, ni majani tu, marefu kuliko ya jirani. Kwenye vitabu vya shamba paliitwa malisho, lakini hakuna mwanakijiji aliyepeleka ng'ombe pale. Kila mwaka, wiki moja baada ya Pasaka yao, wanawake wanakwenda makaburini na chakula kuwakumbuka wafu. Wakitoka, wanapita njia ya kinu, na kila mmoja anaachia kipande cha mkate kidondoke pembeni ya uwanja, bila kusimama, bila kutazama nyuma, kana kwamba kimemponyoka. Asiyejua hatoona kitu. Wamefanya hivyo miaka yote, na wakubwa hawakugundua.

Tukarudi. Mlangoni akanishika mkono. "Hii nimekupa wewe," akasema. "Si ya karatasi."

Nami nikaitia kwenye karatasi.

Usije ukanipamba, mwanangu, ukasema baba alikuwa shujaa wa ukweli. Mwalimu alikuwa ametuambia tuandike jiografia na historia ya kijiji, na kila aliyekaa vijijini aliandika yale yale, tani na hekta. Mimi nilitaka kuwa wa kwanza. Nikaandika habari za vyuma, za gari la farasi, za mikate inayodondoshwa, na kwenye ramani nikachora uwanja nikaandika waliomo. Jina la Bibi sikulitia. Nikajiona muungwana sana kwa hilo.

Wiki mbili baadaye nikaitwa ofisi moja ya ghorofa ya pili. Watu wawili, wapole, wakanipa chai ya limau. Sikupigwa. Nalisema hili waziwazi kwa sababu kuna miaka nilijidanganya kwamba nililazimishwa. Mmoja akauliza nani alinionyesha uwanja. Nikasema watu wa kijijini. Watu gani? Nikanyamaza. Akafunua faili, akasema ndege ya kunirudisha Unguja ipo wiki ijayo, pamoja na barua ya kuwaeleza wakubwa wa kwetu kwa nini ninarudi. Chai ilikuwa bado inatoa moshi niliposema: Paraska, mwenye nyumba yangu. "Na binti yake?" Nikasema naye anajua. Kwa hilo la Oksana hawakunisukuma hata kidogo. Nililitoa kama chenji.

Sasa sikiliza ubaya wake. Mimi nilikuwa najua jina likitajwa linafanya nini. Babu yako, baba yangu, alichukuliwa kwetu kwa neno moja alilolisema kwa kinyozi. Alirudi baada ya miaka miwili, mtu mzima wa kusaidiwa kufunga vifungo vya shati. Aliyemtaja tulikuwa tunamjua, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Baba alikuwa anamwamkia kila asubuhi, na yule anaitikia. Mimi nilikuwa nikipita mbele ya baraza yake natema mate. Nilikuwa na miaka kumi na saba na niliapa mbele ya mama yangu kwamba mimi sitokuwa mtu wa namna ile hata wanikate ulimi. Hawakunikata ulimi. Walinipa chai.

Wakanipa na karatasi mpya. Historia ya kijiji ikaanza mwaka ulioanzishwa ushirika. Nyuma ya kinu nikaandika, kwa mwandiko wangu mzuri uliousifu, malisho ya ndama. Nikapata alama ya juu kabisa. Hiyo ndiyo ripoti uliyoipenda, na hiyo ndiyo umeitia jalada.

Vuli iliyofuata alipelekwa kule Hamad, mwenzangu wa Pemba. Akarudi na habari. Bibi Paraska aliitwa mjini mara tatu kuhojiwa, katika baridi, na baada ya mara ya tatu alilala kitandani hakuinuka. Oksana alitolewa shuleni. Alikuwa zizini, anakoroga chakula cha ndama.

"Kaniuliza habari zako," Hamad akaniambia. "Anasema mama yake kafa na huzuni yako. Alidhani wewe umefungwa kwa sababu yake. Alikuwa akisema, nisingemwambia mtoto wa watu maneno yale. Sasa nimjibu nini? Nimwandikie?"

"Mwandikie kwamba mimi mzima," nikasema.

Hilo ndilo neno pekee nililompelekea Oksana tangu wakati ule mpaka wiki hii, na sikulipeleka mwenyewe.

Nilimaliza masomo. Nyumbani sikurudi, nilizunguka huku na huku mpaka nikafika hapa, na cheti changu cha viazisukari nikaja kufua mashuka ya hospitali, baadaye kutengeneza mabasi. Watu huniambia pole, msomi mzima. Mimi hiyo pole naipokea. Nakaa nao mkahawani Edgware Road siku za Jumapili, wazee wenzangu, na unajua mazungumzo yetu: nani alimuuza nani, fulani alimchomea fulani, Mungu amlaani. Wewe mwenyewe umenisikia. Mimi ndiye mwenye sauti kubwa kuliko wote pale. Siku moja ulinivuta shati ukasema, "Baba, let it go, ni zamani." Ukadhani nauguza jeraha la babu yako.

Nikupe na nasaha, maana barua ya baba bila nasaha haijawa barua. Nimezitafuta, sina nyingi. Mtu akikwambia jambo akasema si la karatasi, usilichukue kwanza ndipo uamue. Mwambie usiniambie. Utaandika kitabu, na utakuwa na hamu ile ile niliyokuwa nayo, hamu ya kuleta kitu ambacho wengine hawakuleta. Najua kwa sababu umenirithi, nimeiona usoni kwako siku ile sebuleni. Siku hizi wanasema yanazungumzwa waziwazi huko, hata msalaba labda umewekwa. Hata hivyo muulize mwenyewe kwanza. Na jengine, ukiwa na hofu usijibu upesi. Mimi ningenyamaza robo saa zaidi labda wangenirudisha Unguja, nami ningekuwa mtu mwengine, wewe usingezaliwa, au ungezaliwa na baba wa kutazamika. Sijui. Robo saa ile nimeipigia hesabu kila namna.

Wiki zote hizi nilikuwa nakusumbua uahirishe safari, mara viza, mara baridi, mara moyo wa mama yako. Haukuwa uchungu wa mzazi ule, ulikuwa woga. Juzi nilikaribia kukuomba utumie jina la upande wa mama yako ukifika. Nimelijaribu hilo neno mdomoni nikaona aibu.

Jumatatu nilikwenda posta. Nimemwandikia Oksana kurasa nne kwa Kirusi, kila kitu, ghorofa ya pili, chai, jina la mama yake na jina lake. Sikumwomba msamaha kwa sababu sina pa kuanzia. Posta ya kule haina uhakika. Huenda barua imekutangulia, huenda itakukuta, huenda isifike kabisa. Kwa hiyo nakupeleka mahali ambapo sijui utapokewaje, na ningekwambia hili mapema kama ningekuwa baba uliyemdhania. Hasira utakayokuwa nayo ukisoma hapa ni haki yako. Ukitaka kuteremka na kurudi, pesa zipo, mwambie mama yako, usiniambie mimi.

Ukiamua kwenda, kabrasha usilipeleke shuleni. Kama barua yangu imefika na ukakuta mlango wa Oksana umefungwa, usigonge mara ya pili, wala usimlaumu, tafuta nyumba nyengine. Kama haijafika, atakupokea kwa mkate na chumvi kama wanavyompokea mgeni, atakukumbatia, na atalia kwa ajili yangu. Hapo usinyamaze hata dakika moja. Usile, usivue koti, usiingie chumba kile. Mwambie ulichokisoma hapa. Ataona huyu mtoto amechanganyikiwa, atakuuliza ni nani hasa aliyemtaja mama yake.

Usinitetee. Usiseme alikuwa kijana, usiseme zilikuwa nyakati. Nitaje jina kamili.

Salum Juma Makame.